Mchungaji anasema Mungu ameshachagua rais wa 2028. Mimi nichague vipi kwenye mchujo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkongo, nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi Des Moines, Iowa. Niliapa uraia mwaka jana, nikajiandikisha Republican kwa sababu ya msimamo wao juu ya utoaji mimba na familia. Kanisa letu la Waswahili linaabudu mchana ndani ya jengo la Wabaptisti weupe, na pande zote mbili sasa ni habari ya urais wa 2028 tu. Wengine wanasema tutafute mtu aliyeokoka kweli, ambaye maisha yake yanaonekana. Wengine wanasema tutafute mpiganaji anayeweza kushinda hata kama si msafi, kwani Mungu alimtumia Koreshi, mfalme mpagani wa Uajemi. Mchungaji wetu anasema Mungu ameshamchagua mtu wake na wakati ukifika atatutajia jina. Kijana wangu anasema wazee wote ni wanafiki, walimhukumu Clinton wakamsamehe Trump. Mimi nina kaka bado yuko Nyarugusu, faili lake la kuja huku lilisimama mwaka 2025, na nikilitaja naambiwa nisichanganye mambo ya tumbo na mambo ya imani. Hawa watu huwa wanachaguaje hasa, na mimi nifanyeje? Halafu mke wangu bado ana grinikadi, kibali cha kudumu cha kuishi hapa, si uraia, na kijana anatimiza miaka 18 Septemba 2028. Wanaweza kuja nami siku ya kokasi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana kosa la hapo ni gumu mno kulirekebisha. Mke wako asijiandikishe kupiga kura, wala asijaze fomu yoyote siku ya kokasi. Kokasi, yaani mkutano wa mchujo ambapo wanachama wa Republican humchagua wanayemtaka awe mgombea wao wa urais, ni ya wapiga kura walioandikishwa, na fomu ya kujiandikisha inamtaka mtu athibitishe kwamba ni raia wa Marekani. Mwenye grinikadi akitia saini pale, hata kwa nia njema, hata kama karani ndiye aliyemsogezea karatasi, anahesabika amejidai uraia asio nao. Hilo linaweza kumfungia mlango wa uraia na hata kumfikisha kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Wengine hunasa kwenye ofisi ya leseni za udereva, wanapoulizwa harakaharaka kama wangependa kujiandikisha na wao wakaitikia tu. Kama mke wako amewahi kutia saini kitu cha namna hiyo, msimwandikie mtu yeyote barua ya kujieleza na msitume maombi ya uraia kabla ya kuonana ana kwa ana na mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni. Mzee wa kanisa anayejua kujaza fomu hatoshi kwa jambo hili. Habari za kijana ni tofauti, nitazirudia.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Nikikusoma vizuri, huulizi nani ashinde. Unauliza kama mtu wa imani anaruhusiwa kupiga hesabu za siasa, au kupiga hesabu kwenyewe ni dalili ya imani haba. Na unashangaa kwa nini watu wanaosoma Biblia moja ndani ya jengo moja wanaishia kwa wagombea tofauti.

Magazeti ya Marekani yakiandika juu ya kura ya Wakristo wa kiinjili, hao ambao kwetu tungewaita walokole, kwa kawaida yana maana ya walokole weupe. Ni wao waliompa Trump asilimia 81 mwaka 2016, kwa mahojiano yaliyofanywa na wapiga kura siku ile. Walokole weusi, wenye mahubiri yaleyale ya msalaba na kuzaliwa mara ya pili, wamekuwa wakiwapigia Democrat kwa wingi mkubwa kwa miongo mingi. Seneta Raphael Warnock wa Georgia ni Democrat, na Jumapili anahubiri Ebenezer Baptist, Atlanta, kanisa la Martin Luther King Jr. Ninyi Waswahili wa Iowa mmekaa katikati: paa ni la ndugu weupe, historia ni yenu. Msishangae mkitoka kwenye mahubiri mamoja na majina mawili.

Dhana nyingine ni kwamba viongozi wa dini hukaa chumbani, wakatoa jina, kundi likafuata. Walishajaribu. Januari 2012 viongozi wa Kikristo wapatao 150 walikutana kwenye ranchi moja Texas, wakapiga kura raundi tatu, wakatoka na jina la Rick Santorum, Mkatoliki wa Pennsylvania mwenye familia kubwa na msimamo mkali juu ya mimba. Wiki moja tu baadaye South Carolina, jimbo lililojaa Wabaptisti, ilimpa ushindi Newt Gingrich kwa asilimia 40. Gingrich alikuwa kwenye ndoa yake ya tatu. Santorum, mteule wa ranchi, aliambulia 17. Hapo kwenu Iowa, Bob Vander Plaats wa shirika la Kikristo la The Family Leader alikuwa na sifa ya mtu asiyekosea, kwa kuwa aliowaunga mkono walishinda mara tatu mfululizo: Mike Huckabee 2008, Santorum 2012, Ted Cruz 2016. Kuelekea 2024 alimuunga mkono Ron DeSantis, na gavana Kim Reynolds naye akasimama upande huohuo. Matokeo ya Januari 15, 2024: Trump asilimia 51, DeSantis 21. Kwa hiyo mchungaji wako akitaja jina, kumbuka kwamba wenye majina makubwa kuliko lake wametaja na waumini wao wakaenda kwingine, bila ya radi kuwapiga.

Dhana ambayo kijana wako anaiamini ni kwamba wazee walikuwa wakichagua watakatifu hadi Trump alipotokea. Hapana. Mwaka 1980 Jimmy Carter alikuwa rais, Mbaptisti, mwalimu wa shule ya Jumapili, mume wa mke mmoja. Mpinzani wake Ronald Reagan alikuwa mwigizaji wa filamu aliyeachana na mke wa kwanza, na alipokuwa gavana wa California mwaka 1967 alitia saini sheria iliyolegeza utoaji mimba. Mhubiri wa Kibaptisti Jerry Falwell, aliyekuwa ameanzisha Moral Majority, kundi la siasa la Wakristo wahafidhina, mwaka mmoja kabla, pamoja na sehemu kubwa ya walokole weupe walikwenda na Reagan. Mwaka 1988 Pat Robertson, mhubiri wa televisheni aliyesema Mungu ndiye aliyemwongoza kugombea, alishangaza watu Iowa kwa kushika nafasi ya pili mbele ya makamu wa rais George Bush baba. Falwell huyohuyo, mhubiri mwenzake, alikuwa ameshamchagua Bush, na Bush ndiye aliyebeba tiketi ya chama.

Hapo ndipo utaona jinsi mashine inavyofanya kazi. Mpiga kura wa mrengo huu, awe anajua au hajui, huwa na maswali matatu kichwani. Huyu ni wetu? Huyu atatutendea? Huyu atashinda? Karibu kila mabishano uliyoyasikia baada ya ibada ni mabishano ya lipi kati ya hayo litangulie. Watu hawabadilishi dini wakati wa uchaguzi. Hubadilisha mpangilio wa maswali.

Swali la kwanza lilitawala kwa muda mrefu pale Iowa. Kwenye mdahalo wa Des Moines, Desemba 1999, George W. Bush aliulizwa mwanafalsafa anayemvutia zaidi. Akajibu kwamba ni Kristo, kwa sababu alimbadilisha moyo. Wasomi walicheka. Walokole waliisikia kama salamu ya nyumbani, akashinda Iowa mwezi uliofuata. Mwaka 2008 Huckabee, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti kabla ya kuwa gavana wa Arkansas, alimshinda Mitt Romney asilimia 34 kwa 25. Romney alikuwa na pesa na mtandao, lakini pia alikuwa Mmormoni, na wengi waliohudhuria kokasi ile walijitambulisha kuwa Wakristo wa kiinjili.

Sasa angalia kilichofuata. Huckabee alishinda Iowa, tiketi ikaenda kwa John McCain. Santorum alishinda Iowa, tiketi ikaenda kwa Romney. Huyu Santorum ana kisa chake: usiku wa kokasi ilitangazwa kwamba Romney ametangulia kwa kura 8, na hesabu rasmi ilipotoka zaidi ya wiki mbili baadaye, Santorum ndiye alikuwa mbele kwa kura 34. Wakati huo New Hampshire ilikuwa imeshapiga kura na kila mtu alikuwa anamtaja Romney kama mshindi. Watu wa imani walikuwa wamezoea kushinda Januari na kushindwa kabla ya majira ya joto. Na hata marais waliowaweka madarakani wao wenyewe waliwapa maneno mengi kuliko matunda. Mkono mtupu haulambwi, nao walianza kuchoka kulamba.

Ndipo swali la pili likapanda juu. Februari 2016 jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki, kiti kikabaki wazi katikati ya mchujo. Mwezi Mei Trump alifanya jambo lisilo la kawaida: alitoa orodha ya majina 11 ambayo angechagua jaji kutoka humo. Hakujifanya mlokole mzuri. Alipokwenda Liberty, chuo kikuu cha walokole, Januari ile alikitaja kitabu cha Wakorintho kwa namna iliyowachekesha wanafunzi. Alichowapa kilikuwa makubaliano yanayoweza kukaguliwa. Baadaye akamchukua Mike Pence kama mgombea mwenza, mtu wao kabisa. Akiwa rais aliteua majaji watatu, Gorsuch 2017, Kavanaugh 2018, Barrett 2020, na Juni 24, 2022 mahakama ikafuta uamuzi wa Roe wa mwaka 1973, ule uliohalalisha utoaji mimba nchi nzima. Kwa mtu aliyesimama na bango mbele ya kliniki kila Januari kwa miaka 40, hilo halikuwa jambo dogo, na ukitaka kuwaelewa Wabaptisti wenyeji wenu lazima uliweke mezani kabla ya kuwahukumu.

Gharama yake nayo ipo. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi aliyefanya uovu katika maisha yake binafsi anaweza bado kuwa mwadilifu katika kazi ya umma. Kati ya walokole weupe, asilimia 30 walisema ndiyo. Mwaka 2016 walioulizwa swali hilohilo na kusema ndiyo walikuwa asilimia 72. Hakukuwa na mtaguso wala kitabu kipya cha teolojia kati ya miaka hiyo. Palikuwa na mgombea. Na ni kweli kwamba Juni 1998, wakati wa kashfa ya uzinzi ya rais Bill Clinton, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kwamba tabia ya kiongozi ni jambo la lazima. Kwa hiyo kijana wako hajakosea kuona mgongano. Anachokosea ni neno wote. Wapo walioshikilia mwaka 2016 lilelile la 1998, Russell Moore, wakati huo kiongozi wa Wabaptisti haohao, akiwa mmoja wao, na walilipa kwa heshima yao ndani ya kanisa. Wapo pia waliosema waziwazi kwamba swali la pili limelipita la kwanza, na sababu wakaitoa. Kubadilisha mawazo si unafiki. Unafiki ni kudai hukubadilisha.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi kanisani. Neno lenyewe la kujiita Mkristo wa kiinjili limeanza kubeba siasa. Kituo cha Pew kilifuatilia watu walewale kati ya 2016 na 2020, kikaona kwamba Wamarekani weupe waliompenda Trump walielekea zaidi kuanza kujiita hivyo kuliko wasiompenda. Kwa hiyo unaposikia asilimia kadhaa ya walokole wanamtaka fulani, hesabu hiyo inamchanganya bibi anayefunga na kuomba kila Jumatano na jirani ambaye hajaingia kanisani tangu arusi ya mpwa wake.

Swali la tatu, la nani atashinda, ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu jibu lake linategemea kanuni za jimbo. Iowa hugawa wajumbe, hao wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, kwa uwiano wa kura. Mwaka 2016 Cruz alipata karibu asilimia 28, Trump 24, Marco Rubio 23. Wajumbe wakatoka 8, 7 na 7. Aliyempigia mshindi wa tatu hakupoteza kitu. Wiki chache baadaye South Carolina, Trump alipata asilimia 32.5 na kuondoka na wajumbe wote 50. Cruz na Rubio, kila mmoja akiwa na asilimia 22 na ushee, waligawana watu wa aina moja na kutoka mikono mitupu. Zaidi ya thuluthi mbili ya wapiga kura walitaka mtu mwingine, lakini hawakutaka mtu mmoja. Ndivyo mchujo wa Republican unavyoamuliwa mara nyingi: kambi moja yenye mshikamano inaishinda kambi kubwa iliyogawanyika. Wanaosema tuungane mapema nyuma ya mmoja wana hoja ya kweli. Kasoro yake umeiona kwenye ranchi ya Texas, kwamba kuungana kwa viongozi si kuungana kwa watu.

Niseme msimamo wangu, uupime mwenyewe. Mchujo na uchaguzi wa Novemba ni kazi mbili tofauti, na kosa kubwa ninaloliona kwa watu wa imani ni kupeleka hesabu za Novemba kwenye mchujo. Novemba unakuwa na watu wawili wenye sera zinazopingana, na hoja ya kuchagua mwenye madhara madogo ina uzito. Kwenye mchujo unakuwa na watu watano au kumi ambao juu ya mimba, majaji na shule wanasema karibu maneno yaleyale. Kama sera zinafanana, tofauti imebaki wapi? Imebaki kwenye ukweli wa mtu, uwezo wake, na jinsi anavyowatendea asiowahitaji. Hapo swali la kwanza linastahili kutangulia, na Iowa, kwa sababu ya ule mgawanyo wa uwiano, ni mahali ambapo kulitanguliza hakukugharimu sana. Ungekuwa unapiga kura South Carolina ningekushauri uangalie zaidi nani bado ana nafasi.

Lakini usilifanye swali la kwanza kuwa la dhehebu. Mwaka 1960 John Kennedy alilazimika kwenda Houston kuwahakikishia wachungaji kwamba Papa hatatawala Ikulu ya Marekani. Leo JD Vance, makamu wa rais anayetajwa sana kwa 2028, alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 2019, na nyumba nyingi za Kibaptisti hazioni tatizo. Wala usidhani kuwa wetu kunatosha. Pence alikuwa wao kwa kila kipimo. Baada ya kukataa kuyageuza matokeo ya uchaguzi wa 2020, Januari 6, 2021, aligeuka mgeni kwenye mikutano ileile iliyokuwa ikimshangilia, na alijitoa Oktoba 2023 kabla ya kura moja kupigwa. Kumbuka pia kwamba Trump, kwa marekebisho ya 22 ya Katiba, hawezi kuchaguliwa tena. Mchujo wa 2028 utakuwa wa kwanza tangu 2012 ambao yeye hayumo kwenye karatasi, na kila anayejitokeza atataka kurithi watu wake. Muulize kila mmoja atafanya nini juu ya mimba sasa, kwa sababu jibu la zamani limekwisha: ilani ya chama ya 2024, iliyopitishwa Milwaukee, iliachana na wito wa miaka mingi wa kuweka ukomo wa kitaifa na kuliacha suala hilo kwa majimbo. Wengi kanisani kwenu hawajalisikia hilo.

Kuhusu Koreshi. Mimi si mchungaji, lakini nasoma Isaya kama wewe. Koreshi hakuwaomba Wayahudi kura. Alikuwa ameshakuwa mfalme, na sura ya 45 inaeleza Mungu anavyoweza kumwelekeza mtawala asiyemjua. Haiwaelekezi watu waliopewa karatasi mkononi wamtafute asiyemjua. Ukitaka andiko linalozungumzia kuchagua, Yethro alimshauri Mose kwenye Kutoka 18 achague watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia rushwa. Uwezo umetajwa wa kwanza, kwa hiyo hata wale wa upande wa mpiganaji wana lao hapo. Lakini orodha haiishii kwenye uwezo.

Mchungaji naye ni raia, ana haki ya kuwa na mtu wake. Kulitaja jina madhabahuni ni jambo jingine. Tangu 1954 sheria ya kodi imewazuia walio kwenye msamaha wa kodi, makanisa yakiwemo, kufanya kampeni za mgombea, ingawa haijawahi kutekelezwa kwa ukali na mipaka yake imebishaniwa mahakamani. Wazee wa kanisa wamwone mwanasheria wa mashirika ya dini kabla ya siku hiyo kufika, hasa kwa kuwa mko kwenye jengo la watu. La unabii mlijadili naye faraghani kwanza, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Mwulize kwa upole atasema nini ikiwa mtu huyo atashindwa. Baada ya 2020 baadhi ya wahubiri waliotabiri ushindi wa Trump walilazimika kuomba radhi hadharani, na waliowakasirikia zaidi walikuwa waumini wao. Akikujibu kwa vitisho, kwamba asiyemfuata amemwasi Mungu, hapo umetoka kwenye siasa na umeingia kwenye matumizi mabaya ya uchungaji. Peleka jambo hilo kwa askofu au uongozi ulio juu yake, usilibebe peke yako.

Sasa kaka yako. Anayekuambia hayo ni mambo ya tumbo hajui historia ya jimbo analoishi. Mwaka 1975 gavana wa Iowa Robert Ray, Republican, alifungua milango kwa wakimbizi wa Tai Dam kutoka Laos wakati magavana wengi walikuwa wakitafuta pa kujificha, na akaendelea na waliokimbia kwa mashua miaka michache baadaye. Makanisa ndiyo yaliyowapokea, yakawatafutia nyumba na makoti ya baridi. Programu ya wakimbizi iliposimamishwa Januari 2025, World Relief, shirika la misaada la makanisa hayohayo ya kiinjili, lilipinga wazi. Kwa hiyo ukilitaja hilo kwenye mkutano hutakuwa umetoka nje ya imani wala nje ya chama. Utakuwa umewakumbusha jambo walilolifanya baba zao. Sikuahidi kwamba utapata jibu zuri. Wapiga kura wengi wa mchujo wa Republican leo wanataka uhamiaji mkali zaidi, na mgombea atakayekujibu kwa kukupendeza huenda akasema tofauti saa mbili baadaye. Ni lazima uamue mwenyewe kaka yako ana uzito gani kando ya mimba. Ninachokukatalia ni kuambiwa kwamba moja ni imani na jingine ni tumbo. Na faili lenyewe lifuatilieni kupitia shirika lililowapokea au mwanasheria. Mgombea hawezi kulifungua.

Bahati yako unaishi Iowa, ambako wagombea huja kukaa mezani na watu kwenye migahawa ya Pizza Ranch na kupanga foleni kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo mwezi Agosti hapo Des Moines. Kama chama hakitabadili ratiba, utawaona karibu wote ana kwa ana. Usiwaulize kama wameokoka, wote wana jibu la hilo. Waulize ni lini waliwahi kuwakatalia wafadhili au wafuasi wao jambo kwa sababu ya dhamiri, na waligharamika vipi. Anayetaja tukio na tarehe ni tofauti na anayehubiri.

Siku yenyewe ni rahisi. Mnakutana saa moja jioni kwenye shule, ukumbi au kanisa la eneo lenu. Wawakilishi wa wagombea huzungumza dakika chache, kisha kila mtu anaandika jina kwenye karatasi, kwa siri, na kura zinahesabiwa palepale mbele yenu. Mwaka 2024 kulikuwa na baridi kali na watu wapatao 110,000 tu walifika katika jimbo zima. Wilaya ya Johnson, ya Iowa City wanakoishi Wakongo wengi, Nikki Haley alimpita Trump kwa kura 1,271 dhidi ya 1,270. Mkeo akitaka kuja kutazama, mpigie simu mapema mwenyekiti wa eneo lenu mwulize kama watazamaji wanaruhusiwa, na mkifika akae kwenye viti vya wageni, mbali na meza ya kujiandikisha.

Na kijana. Kwa kanuni zilizotumika 2024, mwenye miaka 17 anayetimiza 18 kabla ya uchaguzi wa Novemba anaruhusiwa kushiriki, na uchaguzi utakuwa Novemba 7, 2028. Lakini lazima awe raia. Habari njema ni kwamba huenda ameshakuwa raia bila ninyi kujua: mtoto chini ya miaka 18 mwenye grinikadi, anayeishi na mzazi wake kihalali hapa Marekani, hupata uraia palepale mzazi anapoapa. Siku ulipoinua mkono huenda mliapa wawili. Asijiandikishe kwa kudhani, ingawa. Peleka cheti chako cha uraia, grinikadi yake na cheti chake cha kuzaliwa kwa mwanasheria, na kama cheti cha kuzaliwa kilipotea Kongo au kilitolewa kambini, mwambie hivyo tangu mwanzo. Akishathibitisha, mwombeeni pasipoti ya Marekani. Kazi hiyo mwianze mwaka huu.